Katoni Iliyozidi Uzito wa Nguo: Uchambuzi wa Kisa cha Muuzaji wa Madera, Mombasa

Muuzaji anayezungumziwa katika kisa hiki anaishi Kisauni, Mombasa, na riziki yake ni kuuza madera, leso na mabuibui kwa njia ya mtandao. Nguo anazipiga picha nyumbani, anaziweka kwenye Facebook na WhatsApp, mteja anachagua, analipa kwa M-Pesa, na mzigo unaondoka kwa basi la usiku. Wateja wake wengi wako Nairobi, Nakuru na Kisumu. Oda iliyomletea tatizo ilitoka mbali zaidi, kwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeishi Birmingham, Uingereza, ambaye alikuwa anakabiliwa na harusi katika jamaa yake na alitaka madera 3, doti 2 za leso (doti ni jozi ya leso), na kofia 1 ya viua, yaani vitundu vidogo vya nakshi, iliyoshonwa kwa mkono kwa ajili ya mumewe.

Muuzaji alizipima nguo kwa mizani ya jikoni. Madera yote matatu yalikuwa gramu 840, doti mbili gramu 720, kofia gramu 60, na jumla yake ni kilo 1.62. Kwa hesabu hiyo aliuliza kwa simu bei ya kilo 2 katika kampuni ya usafirishaji wa haraka, akamtajia mteja, mteja akatuma fedha za nguo na za usafirishaji kwa mkupuo mmoja. Kisha akatafuta katoni nzuri, ngumu, ya sentimita 40 kwa 30 kwa 20, akapanga nguo chini, akaiweka kofia juu, na nafasi iliyobaki akaijaza magazeti yaliyofinyangwa ili kofia isitikisike. Alipofika kwenye ofisi ya kampuni hiyo mjini, mazungumzo yalikuwa mafupi.

“Mama, mzigo huu tutauhesabu kilo tano.”

“Mwanangu, nimeupima mwenyewe nyumbani. Nguo zenyewe hazifiki hata mbili.”

Karani aliuweka mzigo kwenye mizani, ikasoma kilo 2.15, kisha akachukua futikamba akapima katoni pande zote tatu na kumwonyesha hesabu. Hakuwa amemdanganya. Muuzaji alikuwa na njia mbili mbele yake, kumrudia mteja aliyekwisha kulipa na kumwomba nyongeza, au kuifidia tofauti kwa fedha zake na kuipoteza faida yote ya oda ile. Hakuchukua yoyote kati ya hizo. Aliuchukua mzigo wake akarudi nao nyumbani, na naamini uamuzi huo ndio uliookoa biashara hii, kwa sababu ulimpa nafasi ya kuuliza swali ambalo wauzaji wengi wa nguo hawaliulizi kabla ya kushika katoni: anayesafirisha anahesabu nini?

Kampuni za kimataifa za usafirishaji kwa ndege huhesabu vitu viwili na kumtoza mteja kwa kile kilicho kikubwa. Cha kwanza ni uzito wa mizani. Cha pili ni uzito wa ujazo, yaani nafasi ambayo mzigo unaichukua: urefu huzidishwa kwa upana na kimo kwa sentimita, na jibu hugawanywa, kwa kampuni nyingi, kwa 5,000. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa ndege inaweza kujaa mizigo mikubwa myepesi kabla haijafikia nusu ya uzito inaoweza kuubeba. Ukizidisha 40 kwa 30 kwa 20 unapata 24,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata 4.8. Kwa vile kampuni hizo hupandisha hadi nusu kilo inayofuata, 4.8 inakuwa 5. Lau katoni ile ingekuwa imevimba tumboni kwa sentimita 1 tu, kama zinavyovimba katoni zilizojazwa kwa nguvu, kimo kingekuwa 21, hesabu ingekuwa 5.04, na malipo yangekuwa ya kilo 5 na nusu.

Tuutazame mzigo huo kwa namna nyingine. Katoni ilikuwa na ujazo wa lita 24. Nguo zenyewe, zikikunjwa sawasawa na kubanwa, hazizidi lita 8. Maana yake ni kwamba zaidi ya lita 15 za mzigo ule zilikuwa hewa na magazeti, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inalipiwa nauli ya ndege kutoka Mombasa hadi Birmingham.

Kwa nini mtu mwenye uzoefu alifungasha hivyo? Jibu liko Mwembe Tayari, kwenye ofisi za mabasi za Mombasa. Vifurushi vyake vya kila siku huenda kwa mabasi, na katika ofisi nyingi za mabasi karani hutoza kwa kipande: anautazama mzigo, anaukadiria kwa jicho, anataja bei. Katoni ndogo na mfuko mnene hutofautiana kidogo tu. Tena mzigo wa basi hulala kwenye buti chini ya masanduku na magunia kwa kilomita zipatazo 480 hadi Nairobi, na mwenye kofia au viatu ana haki ya kutaka katoni ngumu. Kwa hiyo desturi ya katoni ni desturi yenye akili mahali pake. Kosa lililotokea ni kuihamisha desturi hiyo kwenye njia ya usafirishaji inayohesabu kwa kanuni tofauti kabisa, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumweleza muuzaji huyu kwamba kanuni zinatofautiana.

Kabla ya kufungasha upya alifikiria Posta pia, na ulinganisho huo una faida kwa sababu Posta nayo ina mpaka wake. Katika utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ambao Kenya ni mwanachama wake, mzigo wa kundi la pakiti ndogo hauruhusiwi kuzidi kilo 2, jumla ya urefu, upana na kimo haipaswi kupita sentimita 90, na upande wowote mmoja usizidi sentimita 60. Katoni ile ilikuwa na jumla ya sentimita 90 barabara, kwa hiyo kwa vipimo ingepita. Kwa uzito ingekataliwa, na si kwa sababu ya nguo. Katoni tupu ilikuwa gramu 380, magazeti na selotepu gramu 150. Hizo ni gramu 530 za vitu ambavyo mteja angevitupa, na ndizo zilizoutoa mzigo wa kilo 1.62 kwenye kundi la pakiti ndogo na kuusukuma kwenye kundi la vifurushi, ambako ada ni nyingine. Katoni ileile, basi, iliharibu hesabu kwa njia mbili: kwa kampuni ya ndege iliongeza nafasi, kwa Posta iliongeza uzito. Kama harusi isingekuwa karibu, ningemshauri aende Posta Kuu ya Barabara ya Digo na pakiti iliyo chini ya kilo 2, kwa kuwa nguo haziharibiki njiani na hazina haraka. Harusi ilikuwa karibu, ikabidi mzigo uende kwa haraka.

Kufungasha upya kulianza na kofia, kwani ukichunguza utaona kwamba kofia ndiyo iliyochagua katoni. Ilikuwa imetiwa wanga na kukaushwa ikiwa imesimama, kama inavyopendeza katika picha, na kitu cha gramu 60 kikadai kimo cha sentimita 20 kwa ajili ya nguo zote. Hata hivyo kofia ya viua ni kitambaa cha pamba na nyuzi. Ugumu wake ni wa wanga. Muuzaji aliilowesha kwa maji baridi hadi wanga ukatoka, akaianika kivulini, akaipiga pasi kwa ndani ili viua visilale, kisha akakunja duara la juu katikati kuelekea ndani, na ukuta wake ukalala bapa kama bahasha. Unene wake wote ukawa hauzidi wa kanga iliyokunjwa. Alimwandikia mteja maelezo kwamba ikifika aitie wanga, aivike juu ya bakuli lenye mduara unaolingana na kichwa cha mumewe, na kuiacha ikauke. Mama wa Mombasa hahitaji kufundishwa hilo kwa kirefu, lakini kumwambia mapema ni lazima, asije akafungua mzigo akadhani ameletewa kofia iliyokanyagwa.

Madera nayo yana tabia yake. Shingo ya dera ina nakshi na mishono, na upande huo huwa mnene kuliko pindo. Ukiyapanga matatu shingo zote zikielekea upande mmoja, unapata mzigo ulioinama, na karani hupima mahali palipo juu zaidi. Alikunja kila dera kwa kipimo kimoja, sentimita 33 kwa 25, akatumia ubao wa kukatia mboga kama kigezo, akayapanga yakipishana: shingo kushoto, shingo kulia, shingo kushoto. Kofia ikawekwa kati ya dera la pili na la tatu, kuelekea kwenye pindo, mahali palipokuwa na upungufu wa unene.

Wapo wanaosisitiza kwamba nguo ziviringwe, na kwa sanduku la msafiri huenda ni kweli kwa kuwa msafiri anataka kutoa nguo moja bila kuvuruga nyingine. Kwa mzigo unaotozwa kwa ujazo siafiki. Kitu cha mviringo kikikaa ndani ya nafasi ya mraba hujaza kama asilimia 79 tu ya nafasi hiyo, na pembe zinazobaki ni hewa inayolipiwa. Mikunjo bapa inabanika. Mviringo haubaniki bila kusinyaa.

Sehemu ya ufungaji iliyonipendeza kuliko zote ni matumizi ya leso. Doti huuzwa ikiwa kipande kimoja, leso mbili bado hazijakatwa wala kupindwa, na muuzaji hana ruhusa ya kuzikata. Doti ya kwanza ilikunjwa kwa kipimo cha madera na kuwekwa chini. Ya pili ilitandazwa kwa urefu ikiwa imekunjwa mara nne, rundo likawekwa katikati, na ncha zikavingirishwa juu yake kwa nguvu huku mtu wa pili akibonyeza kwa ubao, hadi pumzi ya nguo ikatoka. Hapo bidhaa yenyewe ikawa kifungashio cha ndani, isiyoongeza hata gramu moja kwa vile tayari imo kwenye mizani. Ncha zilishikwa kwa utepe wa kitambaa. Pini zilikataliwa, kwa sababu pini hutoboa na huacha kutu.

Nje ya leso zilikuja karatasi mbili za kaki, ya pili ikipingana na ya kwanza ili mishono isikutane, na selotepu pana kwenye kingo zote. Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini hakutumia mfuko wa plastiki, ulio mwepesi na usiopitisha maji. Nchini Kenya, tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa isiyo na mikono imepigwa marufuku kutengenezwa, kuingizwa na kutumika, na adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo. Vifungashio vinavyowekwa na kiwanda kwenye bidhaa yake viliachwa nje ya marufuku hayo, lakini muuzaji anayechukua mfuko bapa mtaani na kutia dera ndani yake asijihesabu kuwa kiwanda. Kaki mbili na selotepu iliyofunika kingo zinatosha kuhimili manyunyu ya kutoka gari hadi mlangoni, na kwa mvua kubwa zaidi ya hiyo leso ya nje, iliyobanwa tabaka nyingi, inachelewesha maji kufika kwenye madera. Mfuko wa kunyonywa hewa ungempunguzia kimo zaidi, nakubali, ila ukitoboka njiani mzigo huvimba, na mzigo unaopimwa tena ukiwa umevimba huleta deni ambalo halikuwa kwenye mkataba.

Unyevu wa pwani unastahili kutajwa hapa kwa sababu unagusa uzito moja kwa moja. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba maji kiasi cha asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na katika hewa yenye unyevu mwingi hubeba zaidi. Kitambaa cha viskosi, ambacho madera mengi hushonwa, hunywa maji kuliko pamba. Mwezi Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, nguo iliyolala kabatini ikiongezeka unyevu wa asilimia 4 tu, kilo 1.62 inaongeza gramu zipatazo 65. Kwa mzigo ulio mbali na mpaka hilo si kitu. Kwa mzigo wa kilo 1.96 ni tofauti ya ngazi nzima ya malipo. Kubwa kuliko fedha, nguo iliyofungwa na unyevu na kubanwa kwa siku kadhaa huota ukungu, na dera lenye madoa ya ukungu haliendi harusini. Ndiyo maana kila nguo ilipigwa pasi kavu, ikaachwa ipoe kabisa, ndipo ikakunjwa. Anayekunja nguo ikiwa bado na moto wa pasi anafungia mvuke ndani ya mikunjo.

Mzigo uliokamilika ulikuwa sentimita 34 kwa 26 kwa 9, ukubwa wa blanketi la mtoto lililokunjwa. Kwenye mizani ulisoma kilo 1.71: nguo kilo 1.62, na karatasi, utepe na selotepu gramu 90. Uzito wa ujazo ulikuwa 7,956 ukigawanywa kwa 5,000, yaani takriban 1.59, ambao ni mdogo kuliko uzito wa mizani, kwa hiyo malipo yakawa ya uzito halisi uliopandishwa hadi kilo 2. Hicho ndicho kiasi alichomtajia mteja tangu mwanzo. Niongeze kwamba kushuka kutoka kilo 5 hadi 2 hakupunguzi ada kwa kiwango kilekile, kwani nusu kilo ya kwanza ndiyo ghali na zinazofuata huongezeka kidogo kidogo. Kwa sababu hiyohiyo wazo la kuugawa mzigo kuwa pakiti mbili ndogo, lililopendekezwa na jirani, lisingesaidia: kila pakiti ingelipia mwanzo wake.

Kuna ushauri mmoja alioupata ambao naupinga bila kusita. Aliambiwa aandike “zawadi” kwenye fomu ya forodha na apunguze thamani ya nguo ili mteja asitozwe kodi Uingereza. Bidhaa iliyolipiwa si zawadi, na kuiita hivyo ni kutoa taarifa ya uongo kwa forodha ya nchi mbili. Isitoshe, mzigo ukipotea, fidia hufuata thamani iliyoandikwa, na aliyeandika robo ya thamani hana mlango wa kudai iliyobaki. Aliandika idadi, aina ya kitambaa, uzito na bei halisi, na akamwarifu mteja kwamba kodi ya upande wa pili, kama ipo, ni ya mpokeaji. Anwani iliandikwa nje, na nakala yake ikawekwa ndani chini ya leso, kwa ajili ya siku ambayo karatasi ya nje itachanika.

Katika mpangilio wa bei, jambo lililorekebishwa ni dogo na lina uzito. Hapo awali alikuwa anapima nguo, anataja ada, kisha anafungasha. Sasa anafungasha kwanza, anapima mzigo uliofungwa kwa mizani na kwa futikamba, na kutaja ada mwisho. Mteja husubiri saa chache zaidi kupata jibu. Sijaona mteja wa ng'ambo anayekasirishwa na saa hizo, hali wengi hukasirishwa na kuombwa nyongeza.

Mzigo ulipokuwa tayari kuondoka, mama wa Birmingham alituma ujumbe: “Dadangu, niongezee na lile buibui la mikono mipana.” Buibui hilo lilikuwa gramu 450. Pamoja na kilo 1.71 ingekuwa kilo 2.16, na malipo yangepanda hadi kilo 2 na nusu. Zamani angelisukumiza ndani na kutumaini heri. Safari hii alimwandikia hesabu yote na kumpa hiari tatu: aongeze ada ya nusu kilo, buibui lisubiri oda nyingine, au atoe doti moja, ambayo ni gramu 360, na buibui lichukue nafasi yake, mzigo uwe kilo 1.80. Aliufungua mzigo akapima kimo cha rundo jipya kabla ya kuahidi lolote: kilifika sentimita 10, uzito wa ujazo ukawa takriban 1.77, bado chini ya mizani. Mteja aliitoa doti iliyokuwa chini, fedha zake zikahesabiwa kwenye bei ya buibui, na mzigo ukafungwa tena kwa ile doti iliyobaki ukaondoka kwa malipo ya kilo 2.